Miguu ya Mtoto Ndani ya Beseni

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi kueleza mambo matatu ambayo mwanafunzi anayetaka kuchunguza jinsi fikra zinavyofungamana na mwili anaweza kujifunza kwa Esther Thelen, mwanasaikolojia wa ukuaji wa watoto, lakini Salim amekuja na habari ya nyumbani kwake.

SALIM: Imeninyima usingizi, dada Rehema. Mwanangu alipozaliwa, ukimsimamisha kitandani alikuwa akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kana kwamba anatembea. Alipotimiza miezi miwili akaacha, nasi tukaingiwa na hofu. Jumanne bibi yake alikuwa akimwogesha, mimi nimemshika kwapani, na maji ya beseni yalipomfika kifuani akaanza upya: kulia, kushoto, kulia, mpaka kanga ya bibi ikalowa.

REHEMA: Hilo ndilo jaribio la Thelen lenyewe! Mama huyo Mmarekani alianza na elimu ya wanyama, akichunguza jinsi nyigu wanavyojisafisha. Jicho lile lililozoea miondoko ya mdudu akalielekeza kwa watoto wachanga 20, akawafuatilia mwaka wao wa kwanza, akaorodhesha miondoko 47 inayojirudia. Wataalamu waliomtangulia walisema hatua za mtoto hupotea kwa sababu ubongo unakomaa na kuzizuia. Mwaka 1984, yeye na wenzake walionyesha kwamba miguu hunenepa upesi kuliko misuli inavyopata nguvu: ukiifunga vitu vizito, hatua hupungua, ukiizamisha majini, hurudi.

SALIM: Bibi anashikilia kwamba ni mafuta ya nazi anayomkanda nayo.

REHEMA: Mafuta hayapunguzi uzito wa mguu, ila maji huubeba.

SALIM: Nakubali kuhusu miguu, lakini kutoka kwenye miguu hadi kwenye fikra ni safari ndefu. Beseni limenionyesha mtoto anayetembea majini. Halikunionyesha mtoto anayefikiri.

REHEMA: Basi chukua mtoto wa miezi kumi. Umeficha kitu mahali pamoja mara kadhaa, naye akakipata. Ukikihamishia mahali pa pili mbele ya macho yake, bado mkono wake huenda pale pa kwanza. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alisema mtoto hajaelewa kwamba kitu kipo hata kisipoonekana. Thelen na mtafiti mwenzake Linda Smith walikuta kwamba mtoto aliyekuwa ameketi akisimamishwa kabla ya kutafuta, kosa lile hupungua sana. Mwili ukibadili mkao, uamuzi nao hubadilika.

SALIM: Kumsimamisha kumekatiza mazoea ya mkono. Kinachokumbuka mahali ni ubongo, na kinachosahau ni ubongo.

REHEMA: Unautenga mkono na kumbukumbu kana kwamba ni wapangaji wawili wa nyumba moja. Mimi siuoni ukuta huo.

SALIM: Mimi nauona, na beseni halijauvunja.

REHEMA: Nami sirudi nyuma. Fundi mitambo ananionyesha dakika moja, na yale mambo matatu hatujayagusa hata moja, tuyaache. Bibi anamwogesha mtoto saa ngapi?

SALIM: Saa kumi na moja jioni.

REHEMA: Nitakuja kesho. Mwambie asipunguze maji.