Stabilaiza ya MGB: Inagonga Shimoni, Kwenye Tuta Imenyamaza

SELE: Karibuni tena. Tupo Dar, feni tumeizima kwa ajili ya sauti, kwa hiyo mtatuvumilia tukipumua. Dada Rehema, salama?

REHEMA: Salama, kaka. Tuingie moja kwa moja, maana ile MGB, gari la zamani la michezo la mteja wetu, imerudi.

SELE: Imerudi lini?

REHEMA: Alhamisi. Jumanne ilitoka gereji na stabilaiza mpya ya mbele, kile chuma kinachounga magurudumu mawili gari lisilale kwenye kona, ya unene wa robo tatu ya inchi. Alhamisi asubuhi mwenyewe kapiga simu: mbele kushoto inagonga.

SELE: Basi ngoja niwaambie wasikilizaji mpango wa leo kabla hatujapotea. Tuliahidi mambo matatu: unene wa stabilaiza, bushi zinazoikumbatia, za poli (plastiki ngumu) dhidi ya za mpira, na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, baada ya kufunga.

REHEMA: Tutafika. Kwanza huo mlio. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, tok, mara moja. Ukipita kwenye tuta, kimya. Hapo hata hujalala chini ya gari, tayari unajua pa kuangalia.

SELE: Fafanua, maana wengi wangekimbilia shokapu.

REHEMA: Kwenye tuta magurudumu mawili ya mbele yanapanda pamoja. Stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi zake, haijikunji, haina kazi. Kwenye shimo gurudumu moja linashuka na jingine linabaki, hapo chuma kinajisokota na kuvuta vishikizo vyake kwenye chesisi. Shokapu ingegonga kotekote. Kinachogonga shimoni tu ni linki inayounga stabilaiza na mkono wa gurudumu, kishikizo au bushi iliyolegea.

SELE: Na ilikuwa nini?

REHEMA: Kishikizo cha kushoto. Ukishika stabilaiza kwa mkono na kuitikisa, unaona kishikizo kinaachana na chesisi, upana wa ukucha. Na bolti zilikazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika, nimeuliza mara mbili, Nm 25, ikalia.

SELE: Ikalia na bado kishikizo kimelegea?

REHEMA: Bolti zilikuwa M8, za milimita.

SELE: Eee, Mungu wangu.

REHEMA: Za zamani zilikatika kwa kutu, hii hewa ya chumvi mnaijua. Fundi kaenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kapewa bolti, kaambiwa "hizi ni zilezile". MGB ni gari la Abingdon, Uingereza, limetengenezwa 1962 hadi 1980, na bolti zake nyingi ni UNF, kipimo cha inchi. Hapo penyewe inakaa ya inchi 5/16.

SELE: Lakini M8 ya kawaida ingekataa mapema. Uzi wake unapishana kwa milimita 1.25, ile ya 5/16 UNF ni nyuzi 24 kwa inchi, karibu milimita 1.06. Inaingia mizunguko miwili inagoma.

REHEMA: Hii haikuwa ya kawaida. Ilikuwa M8 ya uzi mwembamba, milimita 1.0. Tofauti ni kama sehemu sita za mia za milimita kwa kila uzi. Unene milimita 8 dhidi ya 7.94. Inaingia kwa vidole mizunguko minne, mitano, inakaa vizuri kabisa, halafu inaanza kuwa nzito. Fundi anasema, sawa, imefika. Toki renchi inalia kwa sababu nyuzi zinasuguana. Kishikizo hakijabanwa hata kidogo.

SELE: Basi toki renchi ilipima ugomvi wa nyuzi.

REHEMA: Hasa. Na bamba lenye uzi lipo ndani ya chesisi, ambayo ni boksi. Huwezi kupitisha spana nyuma. Ukiua uzi ule, umejitafutia kazi ya siku nzima.

SELE: Sasa msikilizaji aliye dukani anajuaje? Hana geji ya uzi.

REHEMA: Chukua bolti yako ya zamani, hata kipande kilichokatika. Ilaze kwenye bolti mpya, uzi ndani ya uzi, sambamba, halafu ziinue kwenye mwanga. Zikikaa kimya bila mwanga kupenya kati yake, ni uzi mmoja. Ukiona mwanga unaanza upande mmoja na kupanuka, rudisha. Na uzitazame kwa urefu wa nyuzi kumi angalau, maana kwa nyuzi tatu hata hii M8 ingekudanganya.

SELE: Na kichwa cha bolti kinasema pia. Ya milimita ina namba, 8.8. Ya inchi mara nyingi ina mistari mitatu inayotoka katikati, hiyo ndiyo gredi 5. Spana namba 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ila inacheza, kwa sababu nusu inchi ni 12.7. Mchezo huo wenyewe ni taarifa.

REHEMA: Na msihangaike na maduka ya spea za Kijapani. Nendeni kwa wanaouza spea za Massey Ferguson 135 au za Land Rover Series III. Huko UNF zipo. Bebeni kipande cha zamani, ziwekeni kwenye mwanga.

SELE: Uzi wa ndani umeokolewaje?

REHEMA: Tepu ya 5/16 UNF, ile ya kukata uzi ndani ya tundu, mafuta, nusu mzunguko mbele robo nyuma. Upande mmoja ulisafishika. Tundu la pili uzi umebaki nusu, hapo nataka helikoili, ule uzi mpya wa waya unaopachikwa ndani ya tundu.

SELE: Mimi ningepanua. Drili 8.5, tepu ya 3/8 UNF, tundu la kishikizo lifike milimita 10, umemaliza.

REHEMA: Na ukiua hiyo ya 3/8 unabaki na nini? Bamba ni lilelile, nyama imepungua. Helikoili inarudisha saizi ya kiwanda.

SELE: Ikifungwa na mtu mwenye kifaa chake chote. Helikoili iliyoingia upande haina faida. Haya, tuendelee, muda.

REHEMA: Jambo moja kwenye hatua za kufunga, hili lisipite. Vishikizo vikishakazwa, kabla hujaunga linki, zungusha stabilaiza kwa mkono. Lazima ishuke yenyewe kwa uzito wake au kwa msukumo mdogo. Ikigoma, bushi imebanwa au rangi ya chuma ni nene pale bushi inapokaa. Isugue kwa msasa laini, ipake grisi ya silikoni kama ni poli. Grisi ya kawaida usiiguse kwenye mpira, inauvimbisha.

SELE: Na linki zinakazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, au mikono ya chini imeinuliwa kwa jeki sawasawa pande zote. Ukikaza magurudumu yananing'inia, bushi inabaki imejisokota kila siku mpaka ipasuke. Linki ya pili ndiyo kipimo: bolti yake iingie kwa vidole. Ukihitaji mtaimbo kuisogeza, gari tayari limejiegemeza upande mmoja. Kama linki zinarekebishika, rekebisha huku dereva amekaa kwenye kiti.

REHEMA: Na zile pete za kuzuia isiteleze kushoto kulia, msizisahau mezani.

SELE: Sasa unene. Nilishasema na narudia: mteja yule angeweka ya saba ya nane ya inchi.

REHEMA: Hapana, kaka.

SELE: Sikiliza. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene. Kutoka tano ya nane ya inchi kwenda robo tatu ni mara 2.07. Kwenda saba ya nane ni mara 3.84. Kwa saba ya nane unaacha springi laini, na kwenye matuta yetu springi laini ndiyo raha. Umesema mwenyewe, kwenye tuta stabilaiza haifanyi kazi. Basi gari linakaa sawa kwenye kona na halikupigi mgongo.

REHEMA: Dar ina matuta tu? Lami yetu inaliwa ukingoni, upande wa kushoto, mvua ikipita. Gurudumu la kushoto linashuka peke yake mara mia kabla hujafika Bunju. Kila mara, ile mara 3.84 yako inavuta bolti za 5/16 kwenye chesisi yenye miaka hamsini ya chumvi. Na mbele ikiwa ngumu hivyo, tairi la mbele la nje linabeba zaidi, gari linasukuma nje ya kona.

SELE: Linasukuma kama unaingia kwa kasi isiyo yake. Kwa mwendo wa barabarani hutalisikia. Utasikia usukani unajibu.

REHEMA: Nitasikia kishikizo kinaachana na chesisi.

SELE: Kwa sababu ya M8! Si kwa sababu ya unene. Ile iliyogonga ni robo tatu yako.

REHEMA: Na ingekuwa saba ya nane ingefika Alhamisi?

SELE: Ingefika kwa bolti sahihi.

REHEMA: Sikubali.

SELE: Hata mimi sikubali. Dakika ngapi zimebaki?

REHEMA: Mbili. Bushi tumezigusa kidogo, alaimenti hatujaigusa.

SELE: Kwa kifupi basi, baada ya kufunga...

REHEMA: Usiifupishe, kaka, alaimenti inataka kipindi chake. Wasikilizaji, mwenye tepu ya 5/16 UNF inayokata vizuri hapa mjini atuandikie, yetu meno yamechoka.

SELE: Na mwenye saba ya nane kwenye gari lake aandike pia, aseme imefika kilomita ngapi.

REHEMA: Aseme na bolti alinunua wapi.