Pedeli Inapozama

Kaeni, kaeni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nimealikwa nizungumzie namna ya kufufua gari kuukuu nyumbani mpaka liweze kukimbizwa uwanjani, na najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za injini. Pale mstari wa tatu kuna simu inapitishwa mkono kwa mkono, nimeichungulia nikipita: kabureta mbili zimesuguliwa mpaka mtu anaweza kujitazama usoni. Hongera mwenye nazo. Injini nitaifikia nikibakiwa na muda. Wanaocheka ni wale walionisikia zamani; wanajua huwa sibakiwi.

Nianze na chupa hii. Walio mbele wanaona: ndani mna kipande cha mpira mweusi, mviringo, ukingo wake umechanika. Kimetoka kwenye masta ya breki, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli, ya gari langu mwenyewe. Wala si la mteja. Tutakirudia.

Gari lile nililikuta limelala bandani miaka tisa. Bodi nzima, kutu kidogo sakafuni, injini inazunguka kwa mkono. Nikafanya ambacho nyote mngefanya: nikashusha injini. Mwaka mzima jioni zangu zote ziliishia hapo. Pistoni mpya, silinda hedi ikasawazishwa, valvu zikasagwa zikakaa, kemshafti kali kidogo kuliko ya kiwandani. Na breki? Breki nilizipa Jumamosi moja. Nilifunga pedi mpya, nikafuta diski, nikachungulia kikopo cha mafuta ya breki, nikaona yamepungua, nikaongeza. Basi. Mimi huyu huyu ninayewafokea wengine. Kinyozi hajinyoi.

Siku ya uwanjani, mzunguko wa kwanza raha. Wa pili raha zaidi. Wa tatu nikaanza kuchelewa kushika breki, maana sekunde hupatikana hapo, na aliyewahi kuonja anajua utamu wake. Wa nne, mwisho wa njia iliyonyooka, nikakanyaga pedeli. Ikaenda. Ikaenda mpaka sakafuni, laini, kama nimekanyaga sifongo, na gari halina habari na mimi.

Nikaipiga pedeli haraka haraka. Pigo la tatu likashika kidogo. Nikashusha gia mbili, injini yangu mpya ikapiga yowe, nikaishia kwenye kokoto zilizomwagwa nje ya kona kwa ajili ya watu wa aina yangu. Gari likazama hadi katikati ya ringi. Sikuumia, wala sikumuumiza mtu. Nilikaa nimeng'ang'ania usukani, nikasikiliza kokoto zikidondoka kutoka chini ya bodi, moja moja. Kisha nikavutwa kwa kamba, watu wote wakitazama.

Sasa sikilizeni maajabu. Nusu saa baadaye nikakanyaga tena pedeli: ngumu, imesimama. Bwana mmoja akainamia dirisha akasema, "Breki mbona ziko sawa? Labda ulikanyaga klachi." Namshukuru Mungu nilikuwa nimechoka.

Breki hazikuwa sawa. Zilikuwa zimepoa. Mafuta ya kawaida ya breki, yale ya madaraja yanayoandikwa kwenye kopo DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yana tabia ya kunywa unyevu. Huunywa kwenye hewa ya kikopo, huunywa hata kupitia mabomba ya mpira ya breki, taratibu, mwaka baada ya mwaka, gari litembee au lilale. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kinachodaiwa kwake ni nyuzi 155 tu. Yangu ilikuwa na miaka tisa ya bandani na mingine kabla yake. Kalipa, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, ikapata moto, mafuta yakachemka, mvuke ukajaa. Majimaji hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wako unaminya mvuke badala ya kusukuma pedi. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji, pedeli inasimama, na bwana wa dirishani anakuona mwongo.

Shikeni tofauti hii, nitaisema mara moja tu. Pedeli ikizama, laini, shida iko kwenye mafuta, au kuna hewa, au kuna pavujapo. Pedeli ikibaki ngumu kama jiwe na gari lisisimame, hizo ni pedi zimepata moto kupita uwezo wake, haziumi tena. Ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haiponyi jingine. Nimewaona watu wakibadilisha pedi mara tatu kwa ugonjwa wa mafuta.

Nikarudi nyumbani na busara mpya. Nikanunua mafuta mapya, nikamwita mpwa wangu akae kwenye kiti, mimi nikaingia chini kwenye nati ya kutolea upepo. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Kijana ana mguu mzito na utii mwingi, kila nikisema kanyaga, anapeleka mpaka sakafuni. Tukamaliza magurudumu manne. Nikapanda, nikaikanyaga pedeli na kuishikilia. Ikasimama. Halafu ikaanza kushuka yenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia.

Ndipo tunapofika kwenye chupa. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta husafiri mwanzo tu wa silinda yake, na hapo hubaki laini kwa kusuguliwa. Mbele zaidi mpira haufiki. Maji yaliyonyweka hukaa huko yakitafuna chuma, vipele vya kutu vinaota kimya kimya. Siku unayompa kijana amri ya kukanyaga mpaka chini, unaupeleka mpira kwenye vipele ambavyo haujawahi kuvigusa. Unachanika. Kwa hiyo, kwa kutengeneza breki, nikawa nimeziua. Dawa ni ndogo kiasi cha kuaibisha: weka kipande cha mbao chini ya pedeli kiizuie isifike mwisho. Na dawa kubwa zaidi: masta ya gari lililolala ifunguliwe kabla ya yote. Silinda ikiwa na vipele, usiifute kwa msasa ukajidanganya. Nunua nyingine.

Ninachowaambia kila mwaka ndicho hicho. Sisi tunadhani gari huzeeka kwa kutembea, tunatazama kilomita. Lakini gari la kufufuliwa limezeeka kwa kusimama, na kusimama hakuui chuma kikubwa mnachokipenda. Kunaua mpira na majimaji. Bomba la mpira la breki kwa nje zuri, kwa ndani limevimba. Mafuta yanapita yakisukumwa na hayarudi, gurudumu moja linabaki limeshikwa na unalaumu kalipa. Bomba la chuma linang'aa pote isipokuwa chini ya kile kibano kinacholishika kwenye bodi, na kutu imelila pale pale usipopaona. Hakuna anayepiga picha bomba la breki.

Najua mtakaloniambia. "Mwalimu, gari langu naliendesha kila siku barabarani, linasimama vizuri." Nalisikia kila mara, na kila mara napiga hesabu hii. Chukua gari la kilo 1,000. Kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 50 kwa saa ni kuondoa nishati ya takriban kilojuli 96. Kulipunguza kutoka 160 hadi 80, yaani hata hujasimama, ni takriban kilojuli 740. Karibu mara nane. Joto hilo linatosha kuchemsha lita mbili za maji baridi. Upepo unakusaidia sehemu, kweli, lakini nyingi inaingia kwenye diski kwa sekunde chache, na baada ya kona mbili unarudia, na tena, na tena. Barabara haijawahi kuziuliza breki zako swali hilo. Unasema zimefaulu mtihani ambao hazijaufanya.

Mwingine atasema, "Mimi nitafunga kalipa kubwa." Funga. Lakini pistoni kubwa zinataka mafuta mengi kwa kila hatua ya pedeli, na ukibakiza masta ile ile ya zamani, pedeli inasafiri mbali zaidi kabla ya kushika. Tena umeongeza nguvu mbele tu, ule ulinganifu wa mbele na nyuma uliopimwa na waliotengeneza gari umeuvuruga. Na ndani ya kalipa yako kubwa umemimina nini? Kopo ulilofungua mwaka juzi, likakaa rafuni kifuniko kimelegea? Kopo likishafunguliwa limeanza kunywa. Kwa gari zima la kawaida mafuta mapya ni kama lita moja, na kazi ya mchana mmoja. Anzeni hapo, halafu pedi zinazostahimili moto, halafu mabomba na mipira. Kalipa kubwa baadaye, kama bado mnazitaka.

Na hiyo DOT 5 msiichukue kwa sababu namba inafanana na 5.1. Hiyo ni ya silikoni. Haichanganyiki na nyingine. Nimemaliza.

"Lakini mbio ni nguvu za injini." Nani kasema? Haya, mwaka 1953, mbio za saa 24 za Le Mans. Jaguar wakaja na gari lao C-Type la injini ya lita 3.4, na miongoni mwa waliopambana nao kulikuwa na Ferrari ya lita 4.5. Jaguar walikuwa na kitu kimoja: breki za diski za Dunlop, wakati wengine wakisimama kwa dramu, breki za zamani zinazosugua ndani ya ngoma ya chuma. Madereva wao Rolt na Hamilton wakashinda, wastani wa kilomita 170 kwa saa, na ilikuwa mara ya kwanza Le Mans kushindwa kwa wastani unaozidi maili 100 kwa saa. Aliyeweza kuchelewa kukanyaga breki, tangu saa ya kwanza hadi ya ishirini na nne, ndiye aliyekuwa na kasi. Mimi injini sizichukii. Nawaambia tu zinachukua mwaka na breki zinachukua Jumamosi.

Naonyeshwa kidole. Dakika tano? Tatu. Nilisema.

Basi haraka. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Likishapanda, liweke juu ya stendi, kwenye sakafu ngumu, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono. Magari ya zamani, vumbi la breki linaweza kuwa na asbesto: usilipulize kwa hewa, lilowanishe, lifute. Mipira ya breki usiioshe kwa petroli wala usiipake oili ya injini, inavimba. Na dawa za kupuliza za kusafishia breki, zile zenye klorini, ukipuliza kisha ukachomelea hapo hapo, moto unazigeuza kuwa fosijeni. Hiyo ni gesi ya vitani, jamani. Tumieni zisizo na klorini.

Tairi: someni ubavu wake. Tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT (si ile ya mafuta) ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hata likiwa na kashata zote, usinisimulie.

Injini, mwenye kabureta yuko wapi? Kona ndefu inasukuma oili upande mmoja wa karta, lile sinia la oili chini ya injini, pampu inanyonya hewa, beringi za konrodi zinakwenda ndani ya sekunde chache. Weka vizuizi ndani ya karta kabla ya kitu chochote kinachong'aa. Radieta ioshwe, kifuniko chake kibadilishwe, kwa sababu ndicho kinachoshika presha, na presha ndiyo inayoyazuia maji yasichemke mapema. Viti, mikanda na umeme nilikuwa nimeandaa. Umeme una mengi. Mwaka ujao.

Chupa nitaiacha hapa mezani, njooni muutazame ule mpira kwa karibu. Ila msiifungue, bado umelowa mafuta yale yale, na mafuta ya breki yanakula rangi. Hii meza si yangu.