Gari Likilala Msimu Mzima wa Mvua

MWAJUMA: Mwangaluka, Tabora! Na mnaotusikiliza mkiwa Urambo, Sikonge na Kaliua, karibuni. Mimi ni Mwajuma, na huyu pembeni yangu ni Kulwa, amekuja amenuna.

KULWA: Sijanuna, dada. Nimetoka kwa mjomba, Ipuli. Unaijua ile Noah yake? Imegoma.

MWAJUMA: Si hajaiendesha tangu Novemba?

KULWA: Ndiyo hivyo. Mvua zikianza yeye anahamia shamba la tumbaku, na njia ya kule ni tope tupu, anatumia pikipiki. Gari linabaki nyumbani mpaka mwezi wa nne au wa tano. Tena alikuwa ameacha maagizo: kila Jumapili kijana aliwashe dakika tano, "lipashe damu", halafu alizime.

MWAJUMA: Hapo ndipo alipoliua.

KULWA: Kwa kuliwasha?

MWAJUMA: Kwa kuliwasha kidogo. Sikiliza. Ukipiga stata, umechota umeme mwingi kwa mkupuo. Dakika tano za silensa, gari limesimama tu linaunguruma, hazirudishi ulichochota. Kwa hiyo kila Jumapili anakopa, halipi. Miezi mitano betri inabaki ganda.

KULWA: Kweli iko hivyo hivyo. Ukipiga stata inalia "tak", basi.

MWAJUMA: Na hiyo ndiyo nafuu. Petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja inatoa karibu lita nzima ya maji, yanatoka kama mvuke. Injini ikipata moto vizuri na gari likatembea, mvuke wote unatoka nje. Ukizima mapema, unageuka matone ndani ya ekzosi na kwenye oili. Ekzosi inaoza kutokea ndani. Kwa nje utaiona nzima kabisa.

KULWA: Kumbe! Sasa kijana afanye nini?

MWAJUMA: Achague moja. Aliendeshe nusu saa hivi mpaka lipate moto hasa, aende hata Kipalapala arudi. Kama hana leseni, asiliguse. Achomoe betri. Unaanza na waya wa hasi, halafu wa chanya. Unaihifadhi pakavu, mbali na watoto, na kila mwezi unaipima. Ikijaa inasoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4, mpelekee fundi aichaji. Betri ikikaa tupu muda mrefu, sahani za ndani zinajenga ukoko, na hapo hata chaja haisaidii.

KULWA: Ila ukichomoa betri redio inadai kodi, ile namba ya siri ya kuifungulia.

MWAJUMA: Basi iandike mahali kabla hujachomoa! Watu wanauziwa redio mpya kwa tarakimu nne tu.

KULWA: Haya, tuje kwa panya. Mjomba kafungua boneti, kakuta kiota cha majani ya mahindi na godoro, na nyaya zimetafunwa.

MWAJUMA: Panya wanapenda pakavu na pametulia. Kabla ya kulilaza toa makombo yote, karanga, maganda ya miwa, kila kitu. Mdomo wa ekzosi na wa kuvutia hewa unaziba kwa stilwaya, ile ya kusugulia masufuria. Halafu funga kitambaa chekundu kwenye usukani.

KULWA: Cha nini?

MWAJUMA: Kikukumbushe kuitoa stilwaya kabla hujawasha. Binadamu tunasahau.

KULWA: Na wenzetu wa Kanada na Ufini, wanaolaza magari kipindi cha theluji, wao nao wanahangaika na panya?

MWAJUMA: Panya wapo kila mahali. Ila wao wana la ziada, maji kuganda. Maji yakiganda yanatanuka, yanaweza kupasua bloku ya injini. Ndiyo maana wanachanganya kulanti, ile dawa ya kwenye rejeta, nusu kwa nusu na maji, inahimili mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Na barabarani kwao inamwagwa chumvi, kwa hiyo kabla ya kulilaza wanaosha chini ya gari kwa makini. Sisi hatugandi, lakini kulanti inazuia kutu vilevile. Mjomba kaweka nini kwenye rejeta?

KULWA: Maji ya kisima.

MWAJUMA: Nilijua.

KULWA: Tena kaliegesha chini ya mwembe, na turubai la nailoni juu yake.

MWAJUMA: Mwembe, mwezi wa kumi na mbili, Tabora hii! Maembe yanadondoka kama mawe. Na nailoni inafungia unyevu, gari linatoka jasho ndani yake. Bora kitambaa kinachopitisha hewa, chini ya banda. Na handibreki?

KULWA: Kaivuta mpaka juu. Tumesukuma watu wanne, tairi za nyuma hazikuzunguka.

MWAJUMA: Shuu za breki zimeshikana na dramu, lile bakuli la chuma zinalolibana, kwa kutu. Gari la kulala halivutwi handibreki. Liweke sehemu tambarare, ingiza gia, kama ni otomatiki weka P, kisha kinga tairi kwa mawe. Tairi zijaze upepo kidogo kuzidi kawaida, la sivyo zinabonyea upande mmoja. Oili chafu imwage kabla ya kulilaza, usingoje baada, maana ina asidi inayokula vyuma. Na tanki lijae, hewa yenye unyevu ikose nafasi. Jaza kituoni lakini, hii ya kwenye chupa za barabarani hujui imechanganywa na nini.

KULWA: Sasa leo tunaanzia wapi? Mjomba anataka kwenda Nzega kesho.

MWAJUMA: Kesho asahau. Nyaya kwanza. Usiweke betri yoyote kabla fundi umeme hajazipitia, waya uliochubuliwa unaweza kuwasha moto. Halafu breki. Halafu mtafuteni paka.

KULWA: Paka yupo. Alikuwa amelala juu ya turubai.