Hasara Kala Nani? Kuwafundisha Watoto Upatanisho Nyumbani

(Mazungumzo na wazazi, Kirumba, Mwanza)

Wazazi wenzangu, Bwana asifiwe. Nimeombwa niseme juu ya kuwafundisha watoto upatanisho, yaani jinsi kifo cha Yesu msalabani kinavyoturudisha kwa Mungu, nami naanza na swali lililonishinda. Binti yangu akiwa na miaka saba, tunachambua dagaa uani, aliniuliza: "Mama, kwa nini Mungu hakusamehe tu? Mbona wewe ukinisamehe mimi humchapi kaka?"

Nilimtuma akachote maji. Mnacheka, lakini ninyi mngesema nini?

Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa ameelewa sawasawa nilichomfundisha: Baba ana hasira, fimbo iko mkononi, Mwana asiye na kosa anapita, anachapwa yeye. Mtoto anayekua na picha hiyo atampenda Yesu na kumkimbia Baba yake. Na Maandiko hayasemi hivyo. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Yesu naye, katika Yohana 10, anasema juu ya uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Hakuna mpita njia aliyekamatwa hapo.

Jibu la kumpa mtoto nililipata hapa hapa Mwaloni, sokoni kwetu kwa samaki. Mama mmoja alimpa kijana magunia matatu ya dagaa kwa mali kauli, auze kwanza alipe baadaye. Mvua ikawanyea njiani, wakaoza wote. Kijana akarudi mikono mitupu, machozi yanamtoka. Yule mama akafungua daftari, akalipiga mstari jina lake.

Nikamsimulia binti yangu, kisha nikamuuliza: deni limekwenda wapi?

"Limeisha."

Na wenye mtumbwi waliomkopesha yule mama, wasilipwe?

"Watalipwa."

Na nani?

Akanyamaza, mkono ndani ya ungo. Halafu: "Kumbe mama ndiye kala hasara!"

Haswa. Anayesamehe ndiye anayebeba. Pale msalabani Mungu hakumtafuta mtu wa kumtwisha hasara yetu, aliila mwenyewe.

Ila msiishie kwenye deni, mtoto asije akadhani Mungu ni mwenye duka. Kanisa lenyewe halikuishia hapo. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 1109, alieleza kwamba mwanadamu anadaiwa heshima aliyomnyima Mungu. Abelard, mwalimu wa dini wa Ufaransa aliyemfuatia kidogo, akakaza upendo unaoamsha upendo wetu. Na mababa wa kale walipenda kuutangaza ushindi juu ya shetani na mauti. Watoto wadogo, kwa uzoefu wangu, ushindi wanaushika kwanza. Deni wanalielewa wakianza kutumwa dukani.

Na wasimulieni mbuzi wawili wa Walawi 16. Mmoja anachinjwa, wa pili anawekewa mikono kichwani, dhambi za watu zinaungamwa juu yake, anapelekwa jangwani. Watoto wangu hawakujali sana yule wa kwanza. Waliniuliza wiki nzima: huyo wa pili alikunywa maji wapi?

Sasa jambo zito kidogo. Tusimwambie mtoto, fimbo ikiwa mkononi, "Yesu alipigwa kwa ajili yako." Isaya 53, juu ya mtumishi aliyechubuliwa kwa makosa yetu, si maneno ya kusindikizia kiboko. Atayachukia yote mawili. Na ukimkosea, ukampiga kwa kosa la mdogo wake, mwite, umwambie, "Mwanangu, nilikosea, nisamehe." Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, yule binti alinitazama kama nimepandwa na homa. Kisha akasema, "Sawa mama, nakula hasara."

Leo usiku, kabla ya kulala, someni Filemoni, barua ya Paulo kwa mtu wa jina hilo. Ni sura moja tu. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, anasema kama kuna deni, liandikwe juu yake Paulo. Waulizeni watoto kwa nini alijitwika, halafu nyamazeni, waseme wao.

Naona mkono kule nyuma. Karibu mama, uliza.