Sufuria Nani Anaosha?

Assalamu alaykum. Na wengine wote, hamjambo.

Bwana mwenyekiti, walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea, na sioni haya kurudia. Mwaka huu pekee nimeitwa kwenye mipango mitatu ya kujenga "kijiji cha teknolojia" kwenye pwani yetu: vijana waje wakae pamoja mwezi, miezi miwili, waandike programu, wajaribu mifumo yao, kisha watawanyike. Kote nimeuliza: sufuria nani anaosha? Kote nikajibiwa, "Hilo, dada, tutalipanga baadaye."

Mimi nasema hilo ndilo la kupanga kwanza. Nipeni nafasi nieleze.

Hapa hakuna asiyeijua Zuzalu, kwa hiyo napita mbio. Kuanzia tarehe 25 Machi hadi 25 Mei 2023, watu wapatao 200 walikaa Luštica Bay, Montenegro, kwa mwito wa Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, mtandao wa sarafu za kidijitali. Hoja yake ilikuwa nzuri. Mikutano mikubwa inakusanya maelfu ya watu kwa wiki moja tu. Nyumba za madevelopa, yaani waandishi wa programu, zinaweka watu kumi au ishirini kwa miezi. Katikati palikuwa patupu. Watu mia mbili kwa miezi miwili ni wengi kiasi cha kuzaa desturi zao wenyewe, na ni muda wa kutosha mtu aache kujiona mgeni. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wangu wote. Na walifanya jambo la maana: walitengeneza pasi yao ya kidijitali, Zupass, wakaitumia wenyewe kila siku. Unaonyesha kwamba wewe ni mkazi bila kusema wewe ni nani. Unapiga kura, mfumo unajua kura imetoka kwa mkazi, haujui ni mkazi yupi. Hesabu ya jambo hilo ilikuwa vitabuni muda mrefu. Kuitumia kwa wiki nane, na mtu ambaye pasi yake imegoma akakutana uso kwa uso na aliyeiandika, hiyo ndiyo faida ya kukaa pamoja.

Lakini mahali penyewe ni mji mpya wa kitalii. Jiko lina wenyewe. Na hapo ndipo wenzetu wa huku wanapoiga kibaya: wanatazama picha, wanaona bahari na kompyuta, wanadhani hiyo ndiyo jamii.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Baba alikuwa nahodha wa mashua ya kuvulia, na kila kaskazi walikwenda dago. Vijana wa bara hapa huenda neno hili ni geni kwenu: dago ni kambi ya wavuvi ugenini. Wanavuka wanakwenda Vanga, Gazi, wengine hadi Malindi, wanapiga kambi ufukweni wiki kadhaa au miezi, kisha wanarudi. Kijiji cha muda, chenye kazi moja na ujuzi mkubwa. Basi kabla ya kutweka tanga baba alikuwa anauliza mambo matatu. Mpishi nani? Maji ya kunywa tutachota wapi? Na kule tunakokwenda tutabisha hodi kwa nani? Nyavu zilikuja baada ya hayo. Na katika chombo cha baba mpishi alipata fungu sawa na baharia aliyezamia, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mwenye njaa hazamii.

Naona dada yangu pale mbele anatikisa kichwa. Najua unataka kusema nini. Dago lilikuwa la wanaume, na nyumbani alibaki mama akibeba kila kitu. Kweli kabisa. Mama alilima, alitulea, aliuza mkaa, na hakupata fungu. Hilo sitalipamba. Ndiyo maana nataka zamu zetu leo ziwe za wote, wanaume kwa wanawake, kwa sababu nimeshaona kwenye kambi ya madevelopa wasichana wanne kati ya watu thelathini wakajikuta ndio wote jikoni, bila mtu yeyote kuwaamuru. Usipoandika zamu, mazoea yatakuandikia.

Sasa niwape kisa changu. Wanaokijua wavumilie.

Tulipiga kambi upande wa Pangani, watu 34, siku 21. Tulikuwa na kila kitu. Tulikuwa na setilaiti ya intaneti, betri za jua, na programu yetu wenyewe ya kupigia kura mada ya kesho. Tangi la maji la lita elfu mbili tulilifunga kihisio kinachotuma ujumbe kwenye simu maji yakipungua. Tuliajiri mama wawili wa kijijini kupika, na kijana mmoja wa kuendesha pampu ya kisima. Siku nane mambo yakaenda vizuri sana, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama jioni kuzungumzia "jamii mpya".

Siku ya tisa tuliamka hakuna chai. Jiko limepoa. Tukapiga simu, hazipokelewi. Saa nne ndipo mtoto mmoja akapita akatuambia: mmoja wa mama wale amefiwa na kaka yake usiku, na kijiji chote kiko msibani. Kijana wa pampu pia, marehemu alikuwa mjomba wake.

Mnajua tulifanya nini? Tulikaa kikao. Tukajadili tutafute mpishi mwingine mjini au tule mkate. Watu kumi wakachukua gari wakaenda kula hotelini. Waliobaki wakajaribu wali kwa kuni mbichi, ukaungua chini na juu ukabaki mbichi, na sufuria ile ililala hivyo hivyo na ukoko wake siku mbili. Usiku saa nne kihisio kikafanya kazi yake barabara: simu 34 zikalia pamoja, maji yamebaki robo. Hakuna aliyesimama. Kila mmoja aliusoma ujumbe akaamini mwenzake ataamka. Alfajiri tangi likawa tupu, na watu wakatoka vyooni na makopo mikononi wakitazamana.

Lakini lililoniumiza si hilo. Siku ya kumi mchana alikuja mzee mmoja wa pale, akakataa kiti, akasema taratibu tu: "Wanangu, jana tumezika. Mbona hatukuwaona?" Makaburi yalikuwa hatua mia nne kutoka kambini kwetu. Tuliisikia sauti ya watu wakipita na jeneza, tukafunga mlango wa ukumbi ili kikao kisikatizwe.

Ndugu zangu, tulikuwa watu 34 tuliokuja kusoma namna watu wanavyoishi pamoja.

Siku ya tatu ya msiba tulikwenda kwenye hitima. Wanaume wakakaa mikekani, sisi wanawake tukapewa vitunguu tumenye. Na pale, pembeni ya mafiga, palikuwa na mama wa makamo amekaa juu ya kibao cha mbuzi, na daftari la shule la kurasa 48 mapajani, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Nikamwomba nilione. Ukurasa wa kushoto: nani kaleta nini. Mchele kilo tano, nazi kumi, kuni mzigo mmoja, shilingi elfu mbili. Ukurasa wa kulia: nani anafanya nini, asubuhi, mchana, usiku. Maji majina sita. Sufuria majina manne. Mbele ya kila jina alikuwa anaweka alama kazi ikiisha, na aliyeshindwa kuja jina lake halikufutwa, liliandikwa chini yake jina la aliyemshikia. Watu zaidi ya mia mbili walikula siku ile, vyombo vikaoshwa, na sikusikia mtu akiuliza nifanye nini.

Tulirudi kambini tukazinakili zile kurasa mbili jinsi zilivyo. Majina yote 34, na mama wale waliporudi tuliwaomba watufundishe badala ya kutupikia, kwa malipo yale yale. Wiki iliyofuata kambi ilibadilika. Vijana wawili waliopangiwa maji waliona kwamba aliyeko jikoni hawezi kushika simu, mikono ina majivu. Wakatengeneza kipimo. Mara ya kwanza walielesha kipande cha ndala ndani ya tangi, wakakifunga mshipi wa kuvulia, mshipi ukapita juu ya mdomo wa tangi, na nje ukaning'inia na chupa ya mchanga. Chupa ikakivuta kile kipande mpaka juu. Wakafikiri. Wakachukua dumu la lita tano, wakalitia maji nusu, wakafunga kifuniko. Sasa likaelea na likawa zito kuliko chupa. Maji yakishuka dumu linashuka, chupa nje inapanda. Wakapaka mistari ya rangi nyeupe ubavuni mwa tangi. Chupa ikifika mstari wa tatu, aliyeandikwa kwenye daftari anawasha pampu. Katika kambi ile nzima, hicho ndicho kitu pekee ambacho watu wa kijiji waliomba tuwatengenezee.

Kuna wanaosema muda wa mwandishi wa programu ni ghali, kwa nini aoshe vyombo? Nimechoka kulijibu swali hili, lakini nalijibu. Wajerumani wa Chaos Computer Club, klabu ya mafundi wa kompyuta iliyoanzishwa Berlin mwaka 1981, wanafanya kambi yao tangu 1999, kila miaka minne. Ile ya 2023 ilikuwa Mildenberg, kaskazini ya Berlin, kwenye kiwanda cha zamani cha matofali. Maelfu ya watu ndani ya mahema. Kazi inafanywa na wanakambi wenyewe wanaojitolea, wanaitwa malaika, na ofisi inayogawa zamu inaitwa Mbinguni. Kuna programu ya zamu hizo, ya wazi, mtu yeyote anaweza kuichukua. Getini malaika, jikoni malaika. Nyaya za mtandao zinafika uwanjani kwenye vibanda vya plastiki, vile vile vya vyoo vya kuhamishika, ila ndani badala ya choo kuna swichi, kifaa cha kugawia mtandao. Unaleta waya wako mrefu kutoka hemani mpaka kwenye kibanda. Watu wale ni miongoni mwa mafundi hodari kabisa wa Ulaya, na hawaoni kwamba muda wao ni ghali mno kukaa getini saa mbili. Na fundi aliyekaa getini anajua watu wanakwama wapi; hahitaji kuandikiwa ripoti.

Mwingine ataniambia, ni ya mwezi mmoja tu, ya nini yote haya? Mwezi mmoja taka zinajaa shimo. Tulipoondoka Pangani tulihesabu chupa za plastiki, magunia kumi na moja. Hakukuwa na jina daftarini la kuyabeba, likaongezwa, na la kwanza lilikuwa langu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi kuhusu fedha, nitayaacha. Hili la kubisha hodi siwezi kuliacha.

Mapema 2024 kundi jingine lilikaa karibu miezi miwili Próspera, mji wa wawekezaji kwenye kisiwa cha Roatán, Honduras. Próspera ilizaliwa na sheria ya maeneo maalumu yanayojiendeshea mambo yake, sheria ambayo bunge la nchi ile liliifuta mwaka 2022. Wawekezaji wakaidai Honduras karibu dola bilioni 10.7, na Septemba 2024 mahakama kuu ya nchi ikatamka kwamba maeneo yale yalikuwa kinyume cha katiba tangu mwanzo. Jirani kabisa pana kijiji cha Crawfish Rock, ambacho watu wake wana hofu ya kupoteza ardhi yao. Mgeni anayekuja miezi miwili kujaribu dawa au sarafu za kidijitali anaweza asijue lolote kati ya hayo. Anatembea kwenye bustani, anaona bahari. Sisi hapa tuna masheha, tuna wenyeviti wa vijiji, tuna wazee wa pwani. Ukifika ufukweni kwa watu na hukuonana nao, hata kama hati unayo, umeingia bila hodi, na msiba wao utapita mlangoni kwako nawe umefunga mlango.



Kambi ya mwezi ujao imeshabishiwa hodi. Wiki iliyopita tulikaa na mwenyekiti wa kijiji na mama watatu wa pale, tukanywa chai, tukaambiwa kisima kipi kina chumvi. Daftari liko mezani karibu na mlango. Sufuria za usiku wa kwanza nimeshajiandika mimi. Nataka majina matatu mengine ya sufuria, sita ya maji, na mtu mmoja atakayekwenda kijijini kila asubuhi kusikiliza kuna habari gani. Kalamu imefungwa uzi, msiondoke nayo.