VPN Yako Inaficha Nini, na Nini Inaacha Wazi

Habari yako mtazamaji. Shika simu tufanye pamoja. Telegram ilipozuiwa wakati wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba 2024, wengi wetu hapa Nairobi tulipakua VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwa siri kupitia seva, kompyuta iliyo mahali pengine. Ilitufungulia njia, kisha tukaiacha ikiwaka tukiamini hatuonekani tena.

Kwanza, zima VPN. Kwenye kivinjari, tafuta anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti. Utaona Kenya, pamoja na jina la kampuni yako ya laini. Washa VPN sasa, chagua Uholanzi, pakia ukurasa upya. Umeona? Tovuti inaiona seva ya Uholanzi. Kampuni ya laini, au mwenye Wi-Fi ya mkahawa pale Kimathi Street, anajua tu kwamba unatumia VPN na data imekwenda kiasi gani. Hiyo ni kinga ya kweli, nami naithamini.

Usiizime. Fungua Google Maps. Angalia nukta ya bluu: bado iko Moi Avenue! Ramani inasoma GPS na Wi-Fi zilizo karibu nawe, kwa hiyo IP ya Uholanzi haiisumbui. Nenda Mipangilio, kisha Mahali, uzinyime ruhusa programu zisizohitaji kujua ulipo. Programu ya tochi inataka kujua unalala mtaa gani kwa nini?

Rudi kwenye ramani, gusa picha ya akaunti yako. Jina ni lako. Ukiwa umeingia kwa akaunti, unachotafuta kinahusishwa nawe hata upitie nchi gani. Toka kwenye akaunti, futa vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha kwenye kivinjari ili zikutambue. Kupiga simu, SMS na M-Pesa ya menyu ya laini navyo havipiti kwenye VPN kabisa.

Halafu jiulize VPN yenyewe ni ya nani, maana mwenyewe anaweza kuona yale ambayo kampuni ya laini ilikuwa ikiyaona. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. VPN yake ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine ambazo watu walizitumia, na mwaka 2018 ikaondolewa kwenye App Store. Ya bure, soma kwanza inapata pesa wapi.

Linaloniuma zaidi ni programu za mikopo. Ukiiruhusu moja isome majina yote ya kwenye simu yako, VPN itaibeba orodha hiyo kwa usiri mkubwa na kumkabidhi mkopeshaji. Mama yako, bosi wako, wote wamo. Ingia Mipangilio, Programu, chagua ya mkopo, gusa Ruhusa, kisha ukatae kusomwa kwa majina na SMS. Orodha iliyokwisha kuchukuliwa hairudi kwa kufanya hivyo. Waandikie ukitaka waifute, utaje Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uhifadhi nakala. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, uambatanishe nakala hiyo.