Mlinzi wa mifumo asiye na mamlaka: mhadhara kwa wafanyabiashara wa Mombasa

Mwenyekiti wa shughuli, wazee wetu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, hamjambo. Naona ukumbini kuna mawakala wa forodha, watu wa hoteli, viongozi wa sacco na wenye maduka ya jumla. Nimeombwa niseme namna ya kumpata na kumwajiri mtu wa kulinda biashara dhidi ya wadukuzi. Nitaanza na meli, kwa kuwa katika mji huu habari za meli zinaeleweka upesi.

Tarehe 27 Juni 2017 kampuni ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake mnayapokea Kilindini, ilizimika. Wakati huo ilikuwa inabeba karibu sehemu moja ya tano ya mizigo ya makontena duniani. Kirusi kilichokuja kuitwa NotPetya kilipitia kwenye programu ya uhasibu ya Ukraine inayoitwa M.E.Doc. Wadukuzi walivamia seva za waliotengeneza programu ile, wakaitia sumu ndani ya masasisho, na kila mteja aliyesasisha akaipokea kwa mikono yake mwenyewe. Maersk ilikuwa na ofisi Odesa, na humo programu hiyo ilikuwa kwenye kompyuta moja tu. Hiyo moja ilitosha. Makao makuu Copenhagen skrini zikawa nyeusi moja baada ya nyingine, wafanyakazi wakakimbia kwenye korido kuambiana wachomoe nyaya. Vituo 17 kati ya 76 vya makontena vya kampuni hiyo vikakwama. Kule Elizabeth, New Jersey, malori yakapanga foleni nje ya geti na hakuna aliyeweza kusema kontena gani ni la nani. Ilibidi kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi iliyofanywa kwa siku 10. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Sasa sikilizeni habari ya Ghana. Katika mtandao wa kampuni kubwa huwa kuna seva zinazotunza orodha ya nani ni nani: jina la kila mtumiaji, nywila yake, na mahali anaporuhusiwa kuingia. Maersk ilikuwa nazo kama 150 duniani kote, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuzitunzia nakala ya akiba pembeni. Kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Kirusi kikazifuta zote kwa pamoja. Zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, kwa sababu kabla ya shambulio umeme ulikatika na seva ile ikawa haipo mtandaoni. Intaneti ya pale ilikuwa ya polepole mno kurusha data yote hadi Uingereza, ambako kazi ya kuufufua mtandao ilikuwa inafanyika, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski kwenye uwanja wa ndege, na huyo akaibeba hadi London. Kampuni yenye shughuli duniani kote ilifufuliwa kutokana na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi.

Watu wakisikia kisa hiki huishia kwenye ile diski. Kwangu mimi kuna jambo zito zaidi. Maersk ilikuwa na wataalamu. Kabla ya shambulio walikuwa wameshaonya kwamba mtandao haujagawanywa, kwamba kitu kikiingia upande mmoja kitaenea pande zote. Baadhi ya seva zilikuwa bado zinatumia Windows 2000, ambayo Microsoft ilishaacha kuihudumia miaka mingi. Wataalamu wakaandika mpango wa kurekebisha, mpango ukapitishwa, na fedha zikatengwa. Haukutekelezwa. Wakubwa wa TEHAMA walikuwa wanapimwa na kulipwa bonasi kwa viashiria vingine, na usalama haukuwemo kwenye viashiria hivyo. Basi kila robo ya mwaka likawa linatangulizwa jambo lingine.

Hili ndilo lililonileta hapa. Unaweza kumwajiri mtu hodari kuliko wote Afrika Mashariki, ukampa meza na mshahara mzuri, na bado ukavamiwa kwa sababu uliajiri ujuzi wake bila kumpa mamlaka. Ni kama kumweka askari getini kisha ukamwambia asifunge geti mpaka akupigie simu, nawe usiku umelala.

Tuje kwenye ajira yenyewe. Matangazo mengi ya kazi hii ninayoyasoma yameandikwa na mtu aliyenakili tangazo la kampuni nyingine. Yanataka kijana mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, na papo hapo yanataka awe na CISSP, cheti cha wataalamu wazoefu wa usalama wa mifumo. Cheti hicho kinadai miaka 5 ya kazi katika fani hii, na shahada inaweza kukupunguzia mwaka mmoja tu. Atakayejibu tangazo kama hilo ama ni mwongo, ama ni mtu mzito ambaye mshahara wenu hautamtosha. Kijana mkweli anayewafaa amelisoma, akaona hafikii, akaenda zake. Mmemfukuza kabla hamjamwona.

Sivipuuzi vyeti. OSCP, kwa mfano, cheti cha wanaojaribu mifumo kwa kuidukua kwa ruhusa, ina mtihani wa vitendo unaochukua karibu saa 24 mfululizo za kuvamia mashine ulizopewa, halafu unapewa saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Aliyeupita ametoka jasho. Lakini huo ni mtihani wa kushambulia. Hoteli yenye vyumba 80 inahitaji kwanza mtu wa kulinda: anayejua mna kompyuta ngapi, nani ana nywila gani, nani aliacha kazi mwaka jana na akaunti yake bado iko wazi. Ni kazi isiyo na mbwembwe, na anayeipenda kazi isiyo na mbwembwe ndiye wa kumtafuta.

Mtamjuaje? Mpeni kazi mbele yenu. Mimi kwenye usaili humwekea mwombaji karatasi mbili za kumbukumbu za mfumo wa barua pepe. Zinaonyesha mhasibu wa kampuni ya uwakala ameingia saa mbili asubuhi akiwa Mombasa, na dakika 20 baadaye akaunti ileile imeingia kutoka nchi nyingine ya mbali. Mistari michache chini, kwenye akaunti hiyo pametengenezwa kanuni mpya: kila barua yenye neno «invoice» au «payment» ihamishiwe kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Namwambia, nieleze unachokiona, kisha uniambie utafanya nini saa hii.

Ninyi mawakala mnaujua mwisho wake, maana wapo waliolizwa hivyo. Mwizi hukaa kimya ndani ya barua pepe wiki kadhaa, akasoma mazungumzo yenu na mteja wa Dubai au Guangzhou, kisha siku ya malipo akatuma ankara ileile, nembo ileile, ila namba ya akaunti ya benki ni nyingine. Ile kanuni ipo ili mhasibu asiyaone majibu ya mteja.

Wako watakaokwambia, nitabadilisha nywila. Ni jibu sahihi, lakini ni nusu. Mzuri atafuta na kanuni ile, atawatoa wote waliomo kwenye akaunti wakati ule, ataweka uthibitishaji wa hatua mbili, ataangalia kama wahasibu wengine wana kanuni kama hiyo. Aliye bora kuliko hapo atainua kichwa aniulize: je, kuna malipo yanayotoka leo? Nani ampigie mteja, na kwa namba gani, maana namba iliyo kwenye barua pepe siiamini tena. Huyo mawazo yake yameshatoka kwenye kompyuta, yamefika kwenye pesa zenu. Kama hana shahada, bado nitamwita tena.

Nasisitiza pia tabia. Muulize akusimulie tukio lililowahi kumpata kazini na alimwambia nani. Kwenye fani hii kuficha ni hatari kuliko kutojua. Marekani, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, Joe Sullivan, alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuficha udukuzi wa mwaka 2016. Wadukuzi walikuwa wamelipwa dola 100,000. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue kwamba taarifa za watu zimeangukia mikononi mwa wengine na zinaweza kuwadhuru. Saa hizo haziwatoshi watu wanaotafutana lawama. Na ninyi wenye biashara mna sehemu yenu: mkimfokea anayeleta habari mbaya, ya pili hamtaletewa.

Kuna kishawishi kingine, cha kununua mashine badala ya mtu. Target, maduka makubwa ya Marekani, ilikuwa imenunua mfumo wa kisasa wa kugundua mashambulizi. Mwishoni mwa Novemba 2013 mfumo ule ulipiga kengele kama ulivyotakiwa. Haikufuatiliwa. Taarifa za kadi milioni 40 za wateja zikaondoka, na wezi walikuwa wameingia kwa nywila za mkandarasi wa majokofu. Kampuni ile haikuwa na mkuu wa usalama wa taarifa mwenye cheo hicho. Ilimwajiri wa kwanza mwaka 2014, baada ya msiba.

Najua baadhi yenu mnasema, mimi nina wafanyakazi 12, mtaalamu nitamlipa nini? Ni kweli, na sitawadanganya. Mwenye wafanyakazi 12 asiajiri mtaalamu wa kudumu. Mawakala watano au sita wanaoaminiana wanaweza kumlipa mmoja kwa pamoja, akawa na siku yake kwa kila ofisi, kwa mkataba ulioandikwa wazi kuwa siri za ofisi moja hazivuki kwenda nyingine. Au mchukue kampuni ya nje. Lakini ndani ya ofisi yako lazima awepo mtu mmoja, hata akiwa karani, ambaye jina lake limeandikwa kwamba simu ikija usiku ni yake. Na hata kabla ya kuajiri yeyote, wekeni kanuni kwamba namba ya akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe peke yake.

Kwa wenye uwezo wa kuajiri, angalieni barua ya ajira. Iandikwe kwamba anaripoti kwa mkurugenzi au bodi, asiwe chini ya mkuu wa TEHAMA ambaye kazi yake ndiyo anayoikagua. Iandikwe kwamba akiona shambulio linaendelea anaweza kuzima mfumo, hata wa kuweka nafasi za wageni, hata Desemba, bila kungoja sahihi, na hataadhibiwa kama kengele ilikuwa ya uongo. Bila kifungu hicho atasita, na dakika 15 za kusita zinaweza kutosha wadukuzi kuyafunga mafaili yenu msiweze kuyafungua. Halafu, kwa sababu ya yale ya Maersk, marekebisho anayoyapendekeza yaingizwe kwenye viashiria vya utendaji vya meneja anayetakiwa kuyatekeleza. Bonasi ya meneja huyo iguswe.

Mwisho, mishahara. Vijana wetu hodari wanafanyia kazi kampuni za Ulaya na Ghuba wakiwa wamekaa Nyali au Kilimani. Hamtashindana nazo kwa fedha peke yake. Ila wengi niliowauliza kwa nini waliacha kazi hawakuanza na mshahara. Walianza na ripoti walizoandika zikakaa kwenye droo.

Nakala za lile zoezi la barua pepe ziko mezani pale mlangoni. Chukueni, badilisheni tarehe na majina, mlitumie kwenye usaili wenu. Sasa nayapokea maswali, na ningependa tuanze na watu wa sacco, maana wao wanashika akiba za watu.